Joto la Mhoja

Mwalimu Bugumba alilala chali juu ya kitanda cha kioo, akafungua kinywa, na mashine yenye ukubwa wa punje ya haragwe ikawekwa juu ya ulimi wake. Akaimeza kwa funda moja la maji. Kisha akafumba macho kama mtu aliyekalia kiti cha kinyozi asiyemwamini.

"Tulia tu, mwalimu," alisema Nkwimba Luhende. "Hutasikia kitu."

Ukutani picha ikawaka. Sumaku zilizofichwa ndani ya kitanda ziliivuta ile mashine ikashuka kooni, ikavuka tumbo, ikapita kona za utumbo mwembamba kwa utulivu, kama mgeni anayeijua njia. Watu wa Mwanza waliita mashine ile bawabu. Ilipofika pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, bawabu alitoa miguu myembamba kuliko unywele, akajishikiza, akafungua mgongo wake. Wingu la nukta za dhahabu likamwagika.

"Hizo ndizo mbegu?" aliuliza mwalimu, jicho moja likiwa wazi.

"Ndizo."

"Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, lakini nchi hii sijawahi kuiona."

Wauguzi walicheka. Nkwimba naye alicheka, akavuta kigoda akakaa karibu naye. Yeye ndiye mwanamke mhandisi aliyembuni bawabu, lakini alipenda kuwaeleza watu kwa mdomo wake mwenyewe, hasa watu wanene, kwa sababu naye alizaliwa katika ukoo wa watu wanene na alijua walivyozoea kusemwa.

"Kila mtu ana bustani tumboni," alisema. "Vijidudu visivyohesabika. Vingine vinabana mlango ambao mafuta ya chakula hupita kuingia mwilini, vingine vinauachia wazi. Sasa, kinga ya mwili ina seli zinazoilinda bustani hiyo. Tunaziita walinzi. Kazi yao ni kugonga mihuri. Kijidudu hiki kibaki, hiki kitoke. Kwako walinzi walisinzia siku nyingi zilizopita. Vijidudu vinavyobana mlango vikafa, vikatawala vile vinavyouachia wazi. Ndiyo maana wewe na mkeo mnakula ugali uleule, yeye unampita, wewe unakukaa."

Mwalimu alifungua na jicho la pili.

"Kwa hiyo si ulafi?"

"Ulafi ni sehemu ndogo sana."

Machozi yalimtoka mwalimu yakaingia masikioni. Hakuyafuta. Nkwimba alikuwa ameyaona machozi ya namna hiyo kwa watu wengi juu ya kitanda kile, na bado kila mara yalimfanya atazame pembeni.

Mbegu zote zilitoka kwa mtu mmoja. Jina lake lilikuwa Mhoja Kadashi, fundi wa magari ya waya yaliyoning'inia angani yakiunganisha vilima vya mawe vya jiji. Mhoja alikula chakula cha watu watatu na hakunenepa hata kidogo. Taasisi ya Bustani ilipowapima watu wengi ikitafuta vijidudu vyenye uwezo wa kuwaamsha walinzi waliolala, hakuna aliyemfikia. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuja Taasisi na fulana imelowa jasho, akawapa wauguzi mikono yake yenye moto kama mkate uliotoka jikoni, akasema, "Chukueni mbegu, mimi ni shamba la serikali." Baadaye alianguka uwanjani akicheza mpira na vijana wa mtaa wake. Moyo ulisimama, wakasema madaktari. Nkwimba alikwenda msibani, akapewa nafasi ya kuzungumza, akasema kwamba Mhoja ataendelea kuishi ndani ya maelfu ya watu. Ilikuwa kauli ya kufariji tu.

Alipotoka ukumbi wa matibabu siku ile ya Mwalimu Bugumba, alimkuta Limi, mjane wa Mhoja, amekaa kwenye benchi la barazani, mkoba mapajani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Mama Minza. Habari za siku nyingi? Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ameanza shule." Limi aliusogeza mkoba. "Daktari, nikikuambia jambo hutaniona nimechanganyikiwa?"

"Niambie."

"Juzi nilikuwa kwenye gari la waya natoka Bugarika. Limejaa. Nikasikia harufu ya Mhoja. Sisemi harufu inayofanana na yake. Yake. Karanga zilizong'olewa sasa hivi, bado zina udongo. Nikageuka, nikakuta mzee mmoja simjui, amevaa kanzu. Aliposhuka nikashuka. Nikamfuata mpaka mlangoni kwake. Akaniuliza, 'Mwanangu, una shida gani?' Nikageuka nikaenda zangu."

Nkwimba alikaa kwenye benchi. Akamweleza polepole kwamba vijidudu vikila hutoa chembe zinazoingia kwenye damu, na nyingine hutokea kwenye jasho. Yule mzee bila shaka alipandwa mbegu. Kwa hiyo Limi hakuchanganyikiwa. Pua yake ilisema kweli.

"Basi yupo," alisema Limi.

"Vijidudu vyake vipo. Yeye hayupo."

"Wewe unaijua tofauti. Mimi nikiwa kwenye gari la waya siijui." Alimtazama usoni. "Nipande mbegu na mimi."

"Wewe si mnene, mdogo wangu. Huna cha kupunguza. Kanuni haziruhusu."

"Najua kanuni. Nimekuja kukuomba wewe, sikuja kuziomba kanuni. Watu wasiomjua hata jina wanatembea naye mjini. Sokoni yupo, kanisani yupo. Mimi tu ndiye nisiye naye."

Nkwimba angeweza kusema hapana na kumsindikiza mpaka getini. Lakini alikumbuka maneno aliyoyasema msibani, na jinsi mwanamke huyu alivyoyasikiliza siku ile akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Aliona aibu. Mchana, wauguzi walipokwenda kula, alimlaza Limi juu ya kitanda cha kioo na kumpa bawabu kwa mkono wake mwenyewe.

Siku chache baadaye Limi alimtumia ujumbe wa sauti. Hakusema lolote. Alikuwa anavuta pumzi tu, ndefu ndefu, kisha akacheka kidogo, kisha ujumbe ukakatika.

Mwaka ule Mwanza ilikonda. Mafundi cherehani walipunguza nguo mpaka wakachoka. Watu waliokuwa wakijificha siku za harusi walicheza mpaka asubuhi. Mama lishe walipika kuliko zamani, maana watu wenye mbegu walikuwa na njaa ya ajabu. Walikula samaki, ugali wa udaga wa muhogo, matobolwa ya viazi vitamu kwa karanga, wakarudi kuongeza, na bado mikanda ilizidi kulegea. Waliwatazama watoto wao bila hofu kwamba nao watanenepa na kuchekwa. Walipiga picha.

Na walisikia joto. Waliondoa mablanketi, wakalala milango wazi, wakahamishia vitanda nje juu ya mawe. Wauza barafu walizunguka mitaani hata asubuhi za mvua. Watu walilaumu hali ya hewa. Nkwimba naye, aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kupandwa, alioga maji ya baridi kila aliporudi kazini, na wenzake walimsifu kwamba ngozi yake inang'aa. Wakati mwingine, akiwa peke yake ofisini, harufu ya karanga mbichi ilimpita, naye akageuka haraka kumtazama aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa harufu ya mkono wake.

Kisha Mwalimu Bugumba akafa. Alikuwa darasani, akaketi katikati ya somo, akainamisha kichwa juu ya meza. Wanafunzi walidhani anatafuta kitu kwenye droo.

"Moyo ulisimama," alisema daktari aliyempigia Nkwimba simu. "Ghafla tu."

Nkwimba alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia mara ya kwanza msibani kwa Mhoja, na wakati ule alitikisa kichwa kwa huzuni kama watu wote. Sasa hayakumwingia. Alitoka akaenda kwenye chumba cha vifaa, akachukua jicho la kumeza, ambalo ni kamera ndogo inayoweza kuona mpaka seli moja moja, akalala mwenyewe kwenye kitanda cha kioo.

"Unataka nirekodi?" iliuliza akili mnemba iliyosimamia ukumbi.

"Nionyeshe tu."

Picha ilipowaka hakuelewa anachokiona. Ukuta wa utumbo wake, uliopaswa kuwa wa waridi na wenye unyevu, ulikuwa mwekundu kama goti lililochubuka. Walinzi walijaa. Walisongamana mlango mzima, wakigonga mihuri bila kupumzika, na nyuma yao wengine wakaja, na wengine, wakitoka kwenye uboho wa mifupa yake. Katikati yao nukta za dhahabu za Mhoja zilistawi vizuri. Hazikuwashambulia walinzi wala hazikuwakimbia. Ziliwachoma kidogo kidogo, muda wote, kama mtu anayekugusa bega kila unapotaka kusinzia.

"Kuna vita," alisema kwa sauti.

"Hakuna adui," ilijibu akili mnemba. "Sijaona kijidudu chochote cha maradhi."

"Ndiyo. Hakuna adui. Na bado wanapigana."

Hapo alielewa. Walidhani mbegu za Mhoja zinafunga mlango wa mafuta. Hazikufunga chochote. Mafuta yaliingia kama kawaida, kisha yakachomwa, kwa sababu jeshi lisilolala linahitaji kuni. Mtu mnene alikuwa na kuni nyingi, akapungua, akafurahi. Kuni zikiisha, jeshi halirudi nyumbani. Linaanza kuchoma nyama ya mikono, ya miguu, na mwisho ya moyo. Ndilo lile joto la jiji zima. Ndiyo ile mikono ya Mhoja iliyokuwa ya moto, ambayo wauguzi walikuwa wakiishika na kucheka. Mtu yule hakuwa na kipaji. Alikuwa mgonjwa tangu siku walipomjua, nao wakachukua ugonjwa wake wakaupanda kwa watu.

Aliteremka kitandani. Kisha akamkumbuka Limi, ambaye hakuwa na kuni hata siku alipoanza.

Profesa Malongo, mkurugenzi wa Taasisi, alimsikiliza akiwa amesimama dirishani. Zamani alikuwa mtu wa kupita mlangoni kwa ubavu. Sasa alivaa shati la kubana.

"Nkwimba, watoto wangu waliniona nikikimbia kwa mara ya kwanza mwaka huu," alisema. "Mdogo alilia. Alidhani kuna jambo baya limetokea nyumbani, maana hajawahi kumwona baba yake akikimbia."

"Najua, profesa."

"Tusiharakishe. Kwanza tuhakikishe."

"Kwa kuzika watu wangapi?"

Profesa aliweka mgongo wa kiganja chake shingoni, akauacha hapo.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe. Na mimi."

Nje, gari la waya lilipita juu ya mawe likiwa limejaa watu wembamba, madirisha yote wazi. Profesa alilifuata kwa macho mpaka likapotea nyuma ya kilima.

"Bustani zao za zamani tunazo?"

"Kila mtu, kabla ya kupandwa, tulihifadhi yake. Tunaweza kufyeka mbegu na kuwarudishia. Walinzi watatulia. Unene utarudi."

"Watatuchukia."

"Ndiyo."

"Tangaza," alisema, na akakaa kwenye kiti kama mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu.

Nkwimba hakungoja tangazo. Alipanda Bugarika mchana uleule, akapiga hodi kwenye nyumba ya Limi iliyojengwa katikati ya mawe mawili makubwa. Mtoto ndiye aliyefungua, kifua wazi, shuka limefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Minza." Nkwimba alimshika kichwa kumbariki, na mkono wake ukashtuka. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto.

Kwa Mhoja vijidudu vile havikuhama, lakini maabara iliviimarisha ili vishike, na vilivyoimarishwa havibaki kwa mtu mmoja. Mama na mtoto hula sahani moja, hulala kitanda kimoja. Alipaswa kulijua hilo siku ile ya benchi.

Limi alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka. Mifupa ya mabega yake ilisimama ndani ya gauni kama hanga. Macho yalikuwa makubwa. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko Nkwimba alivyowahi kuuona, uso wa mtu aliyefika nyumbani.

"Karibu, dada. Samahani, siku hizi kusimama kunanichosha. Minza, mpe mama mkubwa maji."

"Mama Minza, umekonda mno."

"Nakula. Muulize mtoto. Nakula kama Mhoja." Alitabasamu. "Usiku naweka mkono wangu puani, hivi. Nalala vizuri. Mwanzoni nilikuwa nalia, sasa silii. Hata Minza amepata harufu ya baba yake, umesikia? Sikumfundisha mtu. Imekuja yenyewe."

Nkwimba aliweka kikombe cha maji chini bila kunywa. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, maneno mazuri ya kitaalamu. Yote yalimtoka.

"Limi, nimekosea. Nilichokupa ni ugonjwa."

"Ulichonipa ni Mhoja."

"Ni ugonjwa wa Mhoja. Vijidudu vile viliwafanya walinzi wa mwili wake wasilale. Walimchoma miaka yote. Ndiyo maana hakunenepa. Ndiyo maana alikuwa wa moto. Na ndicho kilichousimamisha moyo wake pale uwanjani."

Tabasamu la Limi lilibaki mahali pake kwa muda, kama taa iliyosahaulika.

"Harufu ile," alisema.

"Ndiyo."

"Harufu niliyoipenda. Niliyokuwa naweka kichwa changu hapa, kwapani kwake, nainusa. Hiyo ndiyo ilikuwa inamuua?"

"Ilitoka kwenye kilichokuwa kinamuua."

"Ulikuja msibani," alisema Limi. Sauti yake haikupanda. "Ulisimama mbele ya mama yake ukasema ataendelea kuishi. Watu wakapiga makofi msibani, kitu ambacho hakifanyiki. Nikakuamini. Toka nyumbani kwangu."

"Mtoto ana joto, Limi."

"Toka."

Nkwimba alitoka, lakini hakwenda mbali. Alikaa juu ya jiwe mbele ya nyumba, jua likimpiga usoni. Majirani walipita wakamsalimia, wembamba, wachangamfu, kila mmoja na kitambaa cha kufutia jasho. Alijibu salamu zao zote. Alisikia mtoto akiongea ndani, kisha sauti ya maji yakimwagwa kwenye beseni.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea kilima wakati mlango ulipofunguliwa. Limi alikuwa amembeba Minza mgongoni kwa kanga. Alikuwa ameshika fremu ya mlango ili asianguke.

"Ameniambia, 'Mama, nasikia joto,'" alisema. "Nimemwogesha, bado anasema, 'Nasikia joto.'" Alikaza fundo la kanga. "Mhoja alikuwa anasema hivyohivyo, dada. Kila siku. 'Limi, nasikia joto.' Mimi nacheka, namsogelea zaidi, namwambia wake wengine wanalalamika kuwa waume zao wana miguu ya baridi. Nilidhani ananitania."

Nkwimba alimpokea mtoto mgongoni mwake. Wakashuka pamoja mpaka kituo cha magari ya waya, Limi akiegemea bega la mwenzake, wakisimama kila baada ya mawe machache ili apumzike.

Ukumbini Limi aliomba mtoto atangulie. Minza hakuwa na bustani ya zamani iliyohifadhiwa, kwa kuwa hakupandwa na mtu, kwa hiyo walichukua ya mama yake. Limi alifurahi kusikia hivyo. Aliketi pembeni ameshika mguu wa mtoto wakati dawa ya kufyeka ikifanya kazi. Ukutani nukta za dhahabu zilizimika moja moja, kama taa za mtaa umeme unapokatika upande hadi upande.

Zamu yake ilipofika alilala mwenyewe, hakusaidiwa. Bawabu wake alikuwa bado yumo ndani, akingoja amri.

"Nipe dakika kidogo," alisema.

Aliinua mkono wake, akauweka puani. Wauguzi walitazama sakafu. Nkwimba alitamani kutoka nje, lakini aliona kwamba asingekuwa na haki ya kutoka. Limi alivuta pumzi mara nyingi, kwa utaratibu, kama mtu anayekunywa maji ya mwisho kwenye mtungi na hataki kuyamwaga. Kisha akaushusha mkono kando ya mwili wake.

"Haya," alisema.

Watu wengi walirudi kufyekwa, lakini si wote. Tangazo lilisomwa kwenye redio, makanisani na misikitini. Profesa Malongo alijitokeza hadharani, akafyekwa mbele ya kamera, na miezi michache baadaye alivaa tena makoti yake ya zamani. Wapo waliomtazama wakasema, "Ndiyo hicho tunachorudishiwa?" Walifunga milango. Dada mmoja wa Nyakato alimwambia Nkwimba uso kwa uso kwamba afadhali aishi miaka michache akitazamwa kuliko miaka mingi akichekwa. Alikuwa mrembo, mchumba wake amesimama nyuma yake. Nkwimba alipompa mkono wa kwaheri, kiganja chake kilikuwa kama kikaango. Alirudi kwake mara tatu. Mara ya tatu alikuta waombolezaji wamekaa nje kwenye viti vya kukodi.

Mwili wa Nkwimba nao ulirudi, kwanza usoni, kisha kiunoni. Abiria wa magari ya waya walianza tena kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Kazini alikuwa ameanza upya kutafuta namna ya kuwaamsha walinzi waliolala bila kuwanyima usingizi kabisa. Alijua itachukua muda mrefu, na pengine haitapatikana katika umri wake. Kila jioni, baada ya kazi, aliendelea kuzunguka mitaani na kupiga hodi.

Ilimchukua muda kupata ujasiri wa kurudi Bugarika. Alipofika alimkuta Limi anachambua mchicha mlangoni, mabega yamefunikwa na nyama tena. Minza alikuwa akiruka kamba na wenzake. Mashavu yake yalitikisika kila alipotua.

"Karibu, dada. Nilisema moyoni huyu hatarudi tena."

"Niliogopa."

"Kaa hapo, umenifunika mwanga."

Wakachambua pamoja. Limi hakutaja ukumbi wala kitanda cha kioo. Alizungumza habari za shule, za maji yaliyokatika, za jirani aliyegoma kufyekwa ambaye sasa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake. Alisema jirani huyo akipita yeye huingia ndani na kufunga dirisha, harufu isimfikie. Kisha akaendelea kung'oa majani kwenye vijiti.

"Jana mchana nilisinzia hapo kwenye mkeka," alisema. "Nikamwota."

"Mhoja?"

"Mara ya kwanza tangu tumzike. Ule wakati nilipokuwa naye mwilini sikuwahi kumwota hata siku moja."

Nkwimba aliweka mchicha chini.

"Alikuwa na kitambi, dada. Mashavu yamejaa. Nikampita kabisa, sikumjua. Yeye ndiye aliyeniita. Nikamwambia, 'Jamani, umenenepa!' Akacheka kile kicheko chake. Kisha akajikunyata, akaniambia anasikia baridi, nimletee shuka."

"Ukampa?"

Limi alitazama ndani ya nyumba, kwenye giza la chumba, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

"Niliamka bado nalitafuta," alisema.